Nukta Tatu za Usiku wa Ijumaa

Shangazi yangu, Bi Mwanakhamis, alipokaa eda alinipa kazi moja ambayo hakutaka mtu mwingine aiguse: kumhesabia siku zake. Kwenda sokoni, kumletea dawa ya sukari, kununua umeme, hayo alisema yeyote anayepita anaweza kutumwa. Kuhesabu alitaka nihesabu mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma hesabu chuo kikuu. Nilimwambia nimesoma fizikia. Akaniuliza kama hiyo fizikia ina namba au haina. Nikasema inazo. Basi, akasema, hesabu.

Mumewe, Mzee Mcha, aliyefanya kazi shamba la serikali la Kizimbani mpaka akastaafu, alifariki jioni ya Jumatano, wakati watu wanatoka msikitini baada ya magharibi. Wiki hiyo hiyo nilihamia nyumbani kwao Sokomuhogo na begi moja na kompyuta yangu, ili shangazi asibaki peke yake. Siku zilikuwa mia na thelathini. Kalenda tulipewa na duka la dawa, tukaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa ukumbi. Kila ikiadhiniwa magharibi nilikwenda pale na kalamu nyekundu, nikaiandikia namba siku iliyokuwa inaingia. Jua la Alhamisi likizama, Alhamisi imekwisha, na usiku unaoingia ni wa Ijumaa. Ndivyo tulivyolelewa, na sikuwahi kuufikiria utaratibu huo, kama mtu asivyofikiria mkono gani unatangulia anapovaa gauni.

Baada ya kuandika namba nilirudi kwenye meza ya chakula, ambako nilikuwa nikifanya kazi ya shahada yangu ya pili.

Huko Ulaya, chini ya ardhi, kuna mashine ya mviringo inayozungusha protoni kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, mkondo mmoja huku na mwingine kule, kisha inazigonganisha. Nyingi zikigongana huvunjika, vipande vikatapakaa kila upande, na watu wengi hutafuta katika vipande hivyo. Kikundi chetu kinatafuta zile ambazo hazikuvunjika. Mara chache sana protoni mbili hukwaruzana tu, zikapoteza nguvu kidogo, zikaendelea mbele ndani ya bomba lile lile, zimeachana na mkondo kwa milimita chache. Mita mia mbili mbele, upande wa kushoto na upande wa kulia, kuna vigunduzi vidogo ndani ya vyombo ambavyo mafundi wenyewe wanaviita vyungu. Vyungu hivyo husogezwa mpaka karibu kabisa na mkondo. Vikikaa mbali havioni kitu, vikisogea mno vinaharibika.

Shangazi alinitaka nimwelezee haya siku za mwanzo, nadhani ili asisikie ukimya wa nyumba. Nilimwambia afikirie watu wawili wanapishana kwenye uchochoro wetu, wanagusana mabega, kila mmoja anaendelea na njia yake. Mimi nimesimama mbali, kule mwisho, sikuona walipopishana. Namtazama tu huyu anayekuja, namna mwendo wake ulivyopungua kidogo, na kwa hapo najua aligusana na mtu, na waligusana kwa nguvu gani.

Akafikiri. Kisha akasema, "Huo ni umbea, mwanangu. Umbea wa kizungu."

Lakini yeye mwenyewe alikuwa mtaalamu wa umbea huo. Tangu aingie eda alikaa nyuma ya dirisha lililofungwa, na kwa kusikiliza kandambili tu akijua nani kapita, nani kasimama na nani pale pembeni, na kama wameachana kwa uzuri. Mara nyingi nilipotoka kuhakikisha nilimkuta hakukosea.

Sasa, data yetu yote ilikuwa imefungwa. Haikufungwa kwa ajili ya siri. Ilifungwa ili tusijidanganye. Mtu akiliona jibu kwanza, ataipinda njia bila kujijua mpaka imfikishe kwenye jibu lile. Tulikuwa tunatafuta matukio ambamo nguvu iliyopotea kwenye protoni mbili imegeuka chembe mbili za mwanga pale katikati, na hesabu ya mwanga ikapatana na hesabu ya protoni. Hazipatani sawasawa kabisa, kwa sababu kila kipimo kina mtetemo wake, yaani huyumba kidogo. Kwa hiyo unaweka mpaka, na unauweka kabla hujafungua: zikitofautiana mpaka mara mbili ya mtetemo, nazipokea, zikizidi, nazikataa. Siku moja tu iliachwa wazi, Ijumaa moja ya mwaka uliopita, tuitumie kujaribia programu zetu, kisha itupwe, isihesabiwe na lolote.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuifungua siku hiyo ya wazi. Nilifanya hivyo mwezi wa pili wa eda. Katika picha iliyotoka, kwenye kona ambayo ilipaswa kuwa tupu, niliona nukta tatu, kila nukta tukio moja.

Sikufurahi, kwa kuwa siku ya wazi haihesabiwi. Nilishangaa tu. Moja ilikuwa ndani ya mpaka, mbili zilikuwa nje kidogo, kama watu waliosimama barazani wakingoja wakaribishwe. Nikajiuliza kwa nini ziko karibu hivyo. Nikaanza kuchunguza saa za upande wa kulia, zile zinazopima protoni imefika chunguni wakati gani, ambazo nazo huingia katika hesabu ya protoni, na nikakuta mtetemo wake ni mkubwa kuliko tulivyodhani. Nilikuwa na grafu nne za kuthibitisha. Nikapendekeza mpaka usogezwe, kutoka mbili uwe mbili na nusu. Dokta Wakil, mwalimu wangu, alizitazama grafu siku tatu, akasema ni sawa. Wenzetu wa ng'ambo wakasema ni sawa. Mpaka ukasogezwa, na ikapangwa Jumatatu ya kufungua data yote, na kwamba atakayeifungua mbele ya mkutano ni mimi. Kwa mtu kama mimi, ambaye nikiitwa jina darasani mikono hutoka jasho, hilo lilikuwa jambo la kuogopesha. Lakini Dokta Wakil alikuwa amepigania miaka mingi kikundi kikubwa kama kile kikubali kazi ifanywe kutoka kisiwani kwetu. Sikutaka kumwangusha.

Ijumaa kabla ya Jumatatu hiyo, baada ya swala, alikuja Borafya, mtoto wa kwanza wa shangazi, na habari mbili. Ya kwanza, akika ya mtoto wa dada yake, aliyezaliwa Matemwe, itakuwa Jumapili, na mtoto ataitwa Mcha. Ya pili, kwamba eda inakwisha Jumamosi magharibi, kwa hiyo mama yake atakuwepo. Alikuwa na cheti cha kifo. Kilisema Jumatano. Ukianza kuhesabu Jumatano, siku ya mia na thelathini ni Jumamosi.

Shangazi alifunika mdomo kwa kanga. Nilimwona macho yanavyong'aa. Alikuwa hajamwona mjukuu huyo.

"Riyama," akaniita.

"Naam."

"Hebu ilete kalenda."

Niliitungua. Namba mia na thelathini ilikuwa Jumapili. Borafya akacheka, akasema binamu yake msomi kakosea kwa siku moja. Kwa sauti ambayo niliisikia mwenyewe ilivyo ndogo, nikamweleza kwamba baba yake alifariki baada ya magharibi, kwa hiyo ilikuwa usiku wa Alhamisi tayari, na namba moja iko kwenye Alhamisi. Nilikuwa nafuata visanduku kwa kidole ili aone. Kidole kikapita mwezi wa kwanza, kikaingia wa pili, kikakuta maneno yangu mwenyewe kwa wino ule ule mwekundu, pembeni ya namba: *nimefungua siku ya wazi*.

Kidole kikabaki palepale.

Nilikumbuka jioni ile. Nilitoka kwenye kalenda moja kwa moja, kalamu bado mkononi, nikakaa kwenye kompyuta. Programu iliniuliza Ijumaa inaanza lini na inakwisha lini. Nilikumbuka kwamba nilikuwa mwangalifu. Nilikumbuka hata kupiga hesabu ya tofauti ya saa za kwetu na za huko. Ila sikukumbuka niliandika nini.

Niliwaacha wakibishana, nikachukua kompyuta, nikapanda juu nikafungua programu. Nilikuwa nimeandika kwamba Ijumaa inaanza Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni.

Kwa wenzetu, siku inaanza saa sita za usiku. Kwa hiyo nilikuwa nimefungua saa tano na nusu ambazo si za siku ya wazi. Zilikuwa za data iliyofungwa. Nikaziangalia nukta zangu tatu, zimeandikwa saa ngapi. Ya kwanza saa mbili na dakika kumi. Ya pili saa tatu na robo. Ya tatu saa nne kasorobo. Zote tatu zilikuwa humo.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza, na kila nilipolieleza moyoni lilinitatiza zaidi. Jumatatu nitafungua data mbele ya watu, na nukta zile tatu zitatokea tena, safari hii zikihesabiwa, na zote zitakuwa ndani ya mpaka. Watu watashangilia. Na mpaka wenyewe umeshonwa kwa kipimo cha nukta hizo. Lakini saa za upande wa kulia kweli zinatetemeka! Grafu nne zipo. Je, ningeuona mtetemo huo kama nisingeziona nukta? Ningeutafuta? Na kama mpaka wa mbili na nusu ndio wa haki, unakuwa wa dhuluma kwa sababu niliufikia kwa mlango wa uani? Kila swali nililolijibu, jibu lake liligeuka likaniuliza mimi.

Na kubwa kuliko yote: hakuna atakayejua. Programu ile niliiandika peke yangu. Kurekebisha mstari ule mmoja ni kazi ya dakika.

Niliposhuka, Borafya alikuwa amekwenda. Kesho yake, Jumamosi, shangazi alipiga pasi buibui jipya akalitundika mlangoni. Alasiri alinifuata mezani, akakaa kiti cha pili, akawa anachezea kifuniko cha chupa ya chai.

Alinieleza kwamba Borafya amesema ni siku moja tu, na cheti ni cha serikali, na hakuna atakayejua. Amesema pia kwamba dada yake analia, anamtaka mama yake. Wageni wameshaalikwa, siku haiwezi kubadilishwa. Kisha akaniangalia.

"Weye ndiye uliyehesabu. Niambie ni leo, nami ntakwenda."

Nilitaka kusema ni leo. Naapa nilitaka. Neno lilinijia mpaka kwenye ulimi. Nilimpenda sana, na nilimwonea huruma, na kama ningelisema, naye angekwenda kwa neno langu, mimi ningekuwa na mwenzangu wa kukosea naye.

"Sijui, shangazi," nikasema.

"Hujui vipi, na kalenda umeandika kwa mkono wako?"

"Cheti kinasema Jumatano."

"Cheti kilikuwepo?" Hakuwa amekasirika, aliuliza tu. "Nlimwacha anapumua, nkaenda kuswali. Nlipotoa salamu nkamsikia kanyamaza. Magharibi nlikuwa nshaiswali, Riyama. Hilo nifanyeje, nilisahau?"

Akalitazama buibui lake mlangoni kwa muda mrefu. Nilidhani atainuka alivae. Badala yake alichukua simu, akampigia binti yake Matemwe, akamwambia wamtaje mtoto jina bila yeye, na wamletee Jumatatu amwone, na asilie kwa kuwa maziwa yatakata. Kisha alilia yeye. Alipomaliza akaomba embe mbichi na pilipili, akala akinilaumu kwamba nimekata vipande vikubwa mno.

Sikumweleza ya kwangu. Nilimwuliza tu kama nikitoka kesho asubuhi mara moja hatoona vibaya.

Dokta Wakil anakaa Mbweni. Nilimkuta nje, ameifungua pampu ya kisima, vipande vimepangwa juu ya gazeti. Shikamoo, marahaba, habari za mgonjwa wa sukari, habari za maandalizi ya kesho. Akanivutia ndoo niikalie. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, na karatasi sikuitoa. Nilimweleza ovyo ovyo, nikianzia na eda na kalenda, nikarudi kwenye cheti, mpaka akaniomba nianze tena, polepole, na niache kumtazama miguu.

Nilipofika kwenye saa tano na nusu aliweka spana chini.

"Mpaka uliubadilisha kabla ya kuziona nukta, au baada?"

"Baada."

"Kwa sababu ya saa za upande wa kulia, au kwa sababu ya nukta?"

Nilijaribu kweli kweli kutafuta jibu. Nilirudi nyuma moyoni mpaka jioni ile, mpaka kwenye picha ile, nikajaribu kumwona yule Riyama anafikiri nini. Sikumwona vizuri.

"Sijui, Mwalimu."

"Basi andika hivyo hivyo."

"Niandike kwamba sijui?"

"Andika ulichofanya, andika lini, na hapo andika hujui. Leo, kabla ya kesho." Akaiokota spana, akaigeuza geuza. Nilimwona amekasirika, na nilimwona anajitahidi nisione. "Grafu zile nlizitazama siku tatu. Hata saa ya kuanzia sikuiangalia. Na mimi magharibi nnaijua kama weye."

Nikamwambia watatucheka. Watasema wa kisiwani hawajui hata siku inaanza lini. Alisema watacheka, ndiyo, na pengine watatupunguzia kazi, hilo hawezi kuniahidi. Akanipa kipande cha pampu nimshikie, na tukakaa hivyo, mimi nimeshika mpira mweusi wenye mafuta, yeye anafunga skrubu.

Barua niliiandika mchana huo. Ilikuwa na mistari kumi na miwili.

Magharibi ya Jumapili niliandika namba mia na thelathini na moja kwa mazoea, nikaikata. Shangazi alioga, akavaa buibui lake, nikamfungulia mlango. Alisimama kizingitini, akatazama huku, akatazama kule, jirani mmoja akamwamkia. Akashuka ngazi mbili. Kisha akageuka akaniuliza yeye alikuwa anataka kwenda wapi. Nikamwambia popote. Akafikiri, akapanda ngazi zake, akarudi ndani, akasema kesho.

Jumatatu, badala ya kufungua data, nilieleza kosa langu mbele ya watu sitini kwenye kioo cha kompyuta. Walicheka wachache, si kwa ubaya. Mmoja aliuliza kwa dhati kabisa ni watu wangapi duniani wanaanza siku jua likizama, nami sikujua idadi. Ikaamuliwa saa zile tano na nusu zitupwe kama Ijumaa ilivyotupwa, na mpaka urudi palepale kwenye mbili, kwa kuwa huo uliwekwa na watu ambao hawakuwa wameona chochote. Kufungua kukaahirishwa kwa wiki mbili. Atakayefungua akabaki ni mimi, na mpaka leo sijui kama ilikuwa imani au adhabu.

Siku ya kufungua nilikuwa mezani kwa shangazi. Alikaa nyuma yangu na mjukuu wake mapajani, aliyeletwa kumtembelea. Nilibonyeza. Picha ikatoka. Kona yetu ilikuwa tupu, isipokuwa nukta moja.

"Mmoja?" shangazi akauliza.

"Mmoja."

"Kaingia?"

Nikaisoma namba yake mara mbili. Tofauti ya mwanga na protoni zake ilikuwa mbili na sehemu tatu za kumi.

"Hakuingia. Yuko nje ya mpaka kidogo."

"Na ule mpaka wako mwingine?"

"Angeingia."

Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi. Kwenye kioo watu walikuwa wameanza kuzungumza, wengine wakisema ni matokeo safi, hakuna kitu, na tutaandika hakuna kitu. Dokta Wakil alinitumia ujumbe wa neno moja, ahsante, nami sikuelewa ananishukuru kwa lipi kati ya yote.

"Sasa huyo," shangazi akasema akinong'ona ili asimwamshe mtoto, "ni mtu kweli, au si mtu?"

Nilimwambia sijui. Nikamwambia mashine inaendelea kuzunguka, data ya mwaka huu inakusanywa, na yeye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Nje ikaadhiniwa magharibi. Niliinuka, na nilipofika nyuma ya mlango ndipo nilipokumbuka kwamba hakuna tena siku ya mtu ninayoihesabu. Nilisimama pale na kalamu nyekundu, nikaitazama kalenda, na nukta ile moja bado iko machoni mwangu, nje ya mpaka kidogo.